Jaji ameuona moyo wake wapi?

Mwanangu Atieno,

Hatujambo hapa Kisumu. Swali lako la Jumapili bado ninalo. Jirani yetu alimuua nduguye wakigombania mpaka wa shamba, mahakama ikasema ameua bila kukusudia, nawe ukaniuliza kwa uchungu: "Mama, jaji ameuona moyo wake wapi?"

Hajauona. Huutafuta katika alichofanya mtu: ameshika silaha gani, amepiga wapi, mara ngapi, na baadaye amefanya nini. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliyaeleza hayo mwaka 1945 katika kesi ya Tubere mwana wa Ochen, na majaji wetu huitaja hadi leo. Jirani aliokota mpini wa jembe uliolala pale pale, akapiga mara moja, kisha akavua shati amfunge nduguye jeraha huku akipiga mayowe. Angalikwenda nyumbani kuchukua panga, ningekuandikia mengine.

Unasema alimchukia miaka mingi. Ni kweli. Lakini chuki ni sababu, na sababu si nia. Wala usidhani lazima mtu awe ametaka kifo ndipo ihesabiwe kuua kwa kukusudia. Kwa kifungu cha 206 cha Sheria ya Adhabu, yatosha awe alikusudia kuumiza vibaya, au alijua kwamba yaelekea kitendo chake kitaua, hata kama hakujali.

Mimi niliyekuwa mkalimani mahakamani naijua hofu ya hapo. Siku moja mshtakiwa alisema amefanya "paro" juu ya panga. Wewe wajua: kwa Kijaluo hilo ni kufikiri, na pia ni kukumbuka. Nikisema "nililifikiria panga", nimempangia mauaji. Nikisema "nililikumbuka panga", limemjia tu ghafla. Nilimwomba jaji ruhusa nimuulize tena. Wakili alitazama saa yake, nikaendelea kusubiri. Mtu hawezi kufungwa kwa haraka ya ulimi wangu.

Na usifikiri jirani ameachiliwa. Kuua bila kukusudia kwaweza kumfikisha kifungo cha maisha. Kabla ya adhabu, mjane atapewa nafasi ya kueleza alichopoteza. Ameniomba niende naye. Atasema kwa Kijaluo, nami nitaketi karibu nisikilize jinsi wanavyomfasiria.

Mama yako