Usimuulize Mtu Kama Ana Kesi

Jumatatu nilikuta juu ya printa nakala arobaini za fomu mpya ya maombi ya kazi, bado zina joto. Kijana wetu wa fildi alikuwa ameitunga mwenyewe mwisho wa wiki, bila kutumwa, kwa ari tu. Nikaisoma nimesimama. Swali la tisa: "Je, umewahi kuwa na kesi? NDIYO / HAPANA." Nikavuta kiti.

Wadogo zangu mnaoingia kwenye ofisi za rasilimali watu hapa Arusha, iwe kampuni ya safari, shule, hospitali au ulinzi, swali hilo nalifahamu. Mimi ndiye niliyelizaa. Nitafika huko. Kwanza niyatoe haya mengine madogo ambayo kila msimu nayaona yakirudiwa na watu wapya kama vile wanaachiana urithi. Sitawaeleza klirensi, ile hati ya tabia njema ya polisi, inaombwaje wala namba ya malipo inatoka wapi, hayo mnayajua.

1. Majina kabla ya kitu chochote. Usimtume mtu polisi kabla hujalinganisha jina la kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, la kwenye cheti cha kidato cha nne na la kwenye leseni. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mtu akijaza kwamba kazaliwa 1991 na namba yake inaanza na 1986, msikimbilie kunong'onezana kwamba kaghushi. Mwite, mpe chai, muulize taratibu. Mara nyingi hadithi inaanzia darasa la saba, alirudia kwa jina la mwingine, na tangu siku hiyo anaishi na umri wa watu wawili. Anayeamua ni bosi wako, lakini wewe uwe umeisikia hadithi kutoka kwake mwenyewe.

2. Vidole. Jina linamtambulisha mtu kwenye karatasi, kinachotafutwa kwenye kumbukumbu ni alama za vidole. Fundi wa saruji, mpagazi wa mlima, mama aliyelima maisha yake yote, hao mistari ya vidole imelika. Mwambie apumzishe mikono siku kadhaa, apake mafuta usiku, na siku yenyewe anawe kwa sabuni akauke vizuri. Alama zisizosomeka zinarudiwa, na zikirudiwa utashangaa Juni imeingia, magari yamejaa mafuta na huna watu wa kupanda. Na msiwapeleke wote kwa mkupuo. Mwaka mmoja niliwapakia watu kumi na wawili kwenye gari lenye nembo ya kampuni mlangoni, tukashuka kituoni mchana kweupe. Jioni kwenye kifodi, daladala ya Sakina, nikasikia mama mmoja akimsimulia mwenzake kwamba kampuni nzima imekamatwa kwa meno ya tembo.

3. Hati ya tabia njema inasema yaliyokuwa kwenye kumbukumbu siku ilipotolewa, tena kumbukumbu za hapa nchini. Haisemi habari za kesho yake. Wala haimsemi mgeni aliyekuja juzi kujitolea shuleni, huyo hati yake inatoka alikoishi.

Na hapo kwa wageni ndipo mnapolala. Mtu wa Uingereza akikuletea cheti cha DBS, ofisi yao ya kukagua rekodi za jinai, usifurahie nembo. Kuna ngazi. Ile ya chini kabisa mtu anaweza kujiombea mwenyewe, na inaonyesha tu hukumu na maonyo yenye masharti ambayo bado "yanaishi" kisheria. Wenzetu wana sheria ya mwaka 1974 inayosema hukumu nyingi, baada ya muda fulani, zinahesabika kuwa zimekwisha, na zikishakwisha hazitokei kwenye cheti cha ngazi hiyo. Kwa mtu atakayelala bweni moja na watoto, hiyo haitoshi. DBS yenyewe ni ya England na Wales, Scotland wana chombo chao. Kwa Mwingereza anayekwenda kufanya kazi na watoto nje ya nchi yake kuna cheti maalumu kinachotolewa na ofisi yao ya polisi ya kumbukumbu za jinai, ACRO, kinaitwa kwa kifupi ICPC. Ombeni hicho. Tuna tabia ya kumbana mlinzi wa getini kutoka Ngaramtoni mpaka atoke jasho, halafu mzungu anapita na tabasamu.

4. Kesi. Haya, tufike.

Mwaka 2013 washirika wetu wa Uingereza walituletea fomu yao, wakataka tuitumie kwa wafanyakazi wa kambini. Ilikuwa inauliza habari za hukumu za jinai, na iliuliza kwa uangalifu, maneno yamepimwa. Nikapewa kazi ya kuitafsiri. Nilikuwa na miaka miwili kazini, nimejaa sifa. Niliifanya usiku mmoja, umeme umekatika, nikitumia tochi ya simu, na nilipofika hapo nikaona sentensi yao ni ndefu mno kwa wapishi na madereva. Nikaifupisha. "Umewahi kuwa na kesi polisi au mahakamani?" Nikajiona bingwa wa Kiswahili chepesi.

Sasa nyie ni Waswahili wenzangu, hebu niambieni kesi ni nini. Mbuzi wa jirani akila mchicha wako, hiyo ni kesi. Mume na mke wakipelekana kwa mchungaji, kesi. Mtoto akivunja kioo cha darasa, unaaga kazini kwamba unaenda kwenye kesi ya mtoto. Mshtakiwa ana kesi, mlalamikaji ana kesi, shahidi ana kesi, na hakimu ukimpigia simu atakwambia hawezi kuongea, asubuhi ana kesi.

Fomu ilitumika miaka minne. Utaratibu wangu ulikuwa mmoja: aliyezungushia NDIYO faili lake linaenda kwenye boksi la chini, halifunguliwi tena. Chini ya swali palikuwa na mistari mitatu ya maelezo. Sikuwa naisoma. Niliiweka kwa sababu fomu ya wenyewe ilikuwa nayo. Mwaka 2017 kampuni ikabadilisha nembo, fomu zote zikaandikwa upya na mtu mwingine, swali langu likafa kimya kimya bila mtu kugundua lilikuwa na ugonjwa gani.

Miaka sita baadaye, 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilikuwa imeanza kutumika tangu Mei mosi, na bosi akaniambia nikaipange stoo, tujue tunashikilia karatasi za nani na kwa nini. Nikakuta boksi la chini. Nikaketi juu ya kreti la soda, nikafungua faili la kwanza ili nilichane.

Lilikuwa la mpishi wa kambi, mtu mzima wa Usa River, uzoefu wa misimu tisa. Barua za mapendekezo mbili. Peni ya bluu, mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kuchapwa: herufi zimesimama wima, kila neno limeshika mstari wake. NDIYO imezungushiwa duara mara moja, kwa utulivu. Na kwenye ile mistari mitatu ameandika: "Niliibiwa ng'ombe wawili usiku wa tarehe 9 Januari. Nilifungua kesi. RB imeambatanishwa." Na kweli, nyuma kwa stepla iliyoota kutu, kulikuwa na nakala ya RB, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha umeripoti.

Mtu aliibiwa. Akaulizwa kama ana kesi, akasema ukweli, akalipia fotokopi kwa hela yake ili anithibitishie. Mimi nikamfukia kwenye boksi pamoja na wezi.

Pamoja na wezi, nasema, halafu nikafungua mengine nikakuta hakuna wezi. Mafaili yalikuwa 23. Kulikuwa na shahidi wa ajali ya lori. Kulikuwa na mama aliyemshtaki mume kwa kutotunza watoto. Kulikuwa na dereva aliyelala mahabusu usiku mmoja kwa kosa la barabarani la gari la tajiri wake, akaachiwa asubuhi bila kushtakiwa. Kijana mwingine shauri lilifika mahakamani, DPP, mkurugenzi wa mashtaka wa serikali, akasema hana nia ya kuendelea nalo. Waliowahi kutiwa hatiani walikuwa wawili kati ya wote, na mmoja wao ni faini ya kuuza gongo, aliomba kazi ya bustani. Gongo na majani ya bustani vinahusianaje, mniambie.

Namba ya mpishi ilikuwa bado inapatikana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajieleza. Nikazunguka sana, mpaka nikajisikia aibu ya kuzunguka, nikamwambia moja kwa moja. Akacheka, kicheko cha kukohoa.

"Aa, mwanangu, mimi nilijua tu. Nilisema wazungu hawataki mtu aliyeibiwa. Wanaona ana mkosi, atawaletea simba kambini."

Nikamuuliza kuhusu ng'ombe. Mmoja alipatikana. Nikamwambia tunahitaji mpishi, kama bado ana nguvu njoo tuzungumze. Akasema siku hizi ana supu yake soko la Kilombero, anafungua saa kumi na moja alfajiri, na supu haina fomu. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo nikiwa kwenye foleni ya benki linanirudia: "Ila vijana wa huku kwetu nilishawafundisha. Wakija kwenu waandike hapana, hata kama vipi. Wawili mnao hapo hapo." Sikuuliza majina.

Kwa hiyo, kama bado mnataka swali, andikeni hivi: "Je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama kwa kosa la jinai? Kosa gani, mwaka gani, adhabu gani?" Kukamatwa si kushtakiwa, kushtakiwa si kutiwa hatiani, na hata aliyetiwa hatiani ana rufaa. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Na kisha someni maelezo. Yote.

5. TanzLII, ile tovuti ya hukumu za mahakama. Najua mnaingia kutafuta majina ya waombaji, nimeona kwenye kompyuta ya mapokezi. Jina la kwanza la Biblia, la pili la Biblia, la tatu la ukoo ambao ukirusha jiwe Monduli linampata mmoja wao: huyo siye mpaka umepata kitu cha pili kinachomfunga. Na ukiikuta hukumu, soma mpaka ukurasa wa mwisho. Mnaishia palipoandikwa "alihukumiwa miaka thelathini", kumbe hiyo ni historia ya shauri, na mbele Mahakama ya Rufani imemwachia huru.

6. Leseni ya daraja C inasema mtu anaruhusiwa kuendesha gari la abiria. Haisemi lingine.

7. Hati za watu zisipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, eti "mama nimeshapokea ya huyu". Ile Sheria ya Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022, imeziweka taarifa za makosa kwenye taarifa nyeti. Uliyemkosesha kazi, karatasi yake usiitunze miaka tisa kwenye boksi kama mimi. Mrudishie au ichanwe, na andika mahali nani kaichana na lini. Na kabla hujamkatalia mtu kwa sababu ya rekodi, mpigie. Dakika tano. Muda wa maongezi ni wa kampuni.

Yule kijana wa fildi sikumgombeza, kaka yenu ni mchapakazi na anawahi kuliko mimi. Nilimpa ile RB ya ng'ombe aisome. Ndiyo karatasi pekee niliyoibakiza kutoka boksi lile, kwa ruhusa ya mwenyewe. Akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Sasa huyu alikuwa na kesi gani?" Nikamwambia hilo ndilo swali lake la tisa. Alikaa nalo kidogo, akaenda kuzikusanya zile nakala arobaini kwenye trei. Upande wa nyuma ni weupe, tunachapishia ratiba za magari.