Wadogo zangu mnaokwenda kwenye rigi, bebeni daftari

Haipiti wiki mbili sijapata meseji ya kijana aliyepata kazi kwenye rigi za mafuta, ile mitambo ya kuchimbia visima baharini, wengi wanaenda Uarabuni, wengine wanasubiri hii gesi yetu ya bahari kuu huku Lindi na Mtwara ianze kutoka, na maswali yao ni yaleyale, mshahara shingapi, siku ngapi baharini siku ngapi nyumbani, chakula kikoje. Sawa, ndo maswali ya mtu mwenye familia. Ila mi nimekaa kazi hizo miaka tisa, nimeanza kwa kusugua deki mpaka nikafika kwenye matangi ya tope, na kuna kitu kimoja naomba ukifanye kabla hujapanda ile helikopta. Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni na kalamu mbili.

Ngoja nieleze kwanza kisima kinavyokaa. Kisima kinachimbwa kikiwa kimejaa tope, na sio tope la mtoni, ni mchanganyiko unaopikwa kwa vipimo, mzito, na huo uzito ndio unaokandamiza gesi na mafuta yasitoke kwenye mwamba. Tope linashuka ndani ya bomba la kuchimbia, linapanda kwa nje ya bomba, linachujwa, linarudi kwenye matangi, linashuka tena. Kwa hiyo ukiona kwenye matangi tope linaongezeka na hakuna mtu aliyeongeza kitu, ujue kuna kitu kimeingia kisimani huko chini na kinalisukuma. Sisi tunaita kiki. Na kama ni gesi ndo haina subira kabisa, inavyopanda inavimba, pipa moja la kule chini likikaribia juu linakuwa mapipa mengi, kwa hiyo dakika kumi za kubishana ni nyingi mno.

Mimi yalinikuta kwenye rigi moja ya Ghuba, sitaitaja. Shifti ya usiku, saa nane na kitu, nipo peke yangu na matangi, na kazi yangu ilikuwa kuangalia kipimo kila robo saa na kuandika kwenye fomu, lakini nilikuwa na tabia ya kuandika na kwenye kidaftari changu pia, na pembeni naandika nani kafanya nini, valvu ipi imefunguliwa, pampu ipi imezimwa. Usiku ule tulikuwa tumehamisha tope toka tangi moja kwenda jingine. Nikaona tangi limepanda kama mapipa sita. Nikampigia supavaiza simu ya ndani, akasema hilo ni lile tope mlilohamisha, tulia. Na kweli ilikuwa inaingia akilini, yaani ni jibu zuri kabisa, na mtu amechoka, na bosi kasema.

Nikafungua daftari. Valvu ya kuhamishia niliifunga mwenyewe saa nane na dakika kumi, na kupanda kumeanza baada ya hapo. Nikapiga tena, safari hii kwa drila mwenyewe, yaani anayeendesha uchimbaji, mzee mmoja wa Kimisri, nikamsomea namba na dakika. Hakubishana hata neno moja, akasimamisha kuchimba, akazima pampu, akatazama. Pampu zimezimwa na kisima bado kinatiririka. Akafunga kisima palepale kwa ule mtambo mkubwa wa kuzibia, BOP. Tulikesha na tukashinda tunaitoa ile gesi taratibu na kuingiza tope zito zaidi. Hakuna aliyeumia. Asubuhi nilipokaa kunywa chai kikombe kilikuwa kinagonga kwenye sahani, mkono hautulii.

Sasa ukisoma ripoti za Deepwater Horizon, ile rigi iliyolipuka kule Marekani, utaona ni jambo lilelile ila lenyewe liliachiwa likaendelea. Tarehe 20 Aprili 2010, Ghuba ya Mexico, zaidi ya kilomita 60 toka pwani ya Louisiana, kina cha maji kama mita 1,500, kisima cha Macondo kimeshachimbwa, wanakifunga waondoke. Wakakipima kama kimeziba. Bomba la kuchimbia likaonyesha presha ya psi 1,400, na laini nyingine ya kisima hichohicho inaonyesha sifuri. Namba mbili za kisima kimoja hazikubaliani! Kulikuwa na watu wazoefu pale, wamechimba visima vingi kuliko mimi, na wakapata maelezo ya kwa nini ile 1,400 sio tatizo, wakakubaliana nayo, wakaendelea kutoa tope zito na kuweka maji ya bahari ambayo ni mepesi. Kama saa tatu na dakika nane usiku pampu zikazimwa kwa ajili ya kipimo kingine, na presha badala ya kutulia ikapanda toka 1,017 mpaka 1,263. Ilikuwa inaonekana kwenye skrini. Dakika arobaini na kitu baadaye rigi ikalipuka.

Watu 126 walikuwemo, 11 wakafa na miili yao haikupatikana mpaka leo. BOP haikuweza kukata bomba na kuziba. Mafuta yalitoka siku 87.

Nimewahi kulumbana na wenzangu wanaosema wale walikuwa wazembe. Sikubali. Mtu mzembe haulizi kitu, wale waliuliza, shida ni kwamba walipopata jibu la kuwatuliza wakaacha kuuliza. Kwa hiyo mdogo wangu, ukiona namba ambayo haieleweki, usikubali maelezo mpaka maelezo yenyewe yapimwe. Kila rigi utakayokwenda watakwambia siku ya kwanza kwamba mtu yeyote ana haki ya kusimamisha kazi, hata anayefagia. Itumie. Utaogopa, hilo nakwambia ukweli, utaogopa kuonekana mjuaji, utaogopa mkataba usirudishwe, na daftari linasaidia hapo maana hupeleki hisia zako, unapeleka dakika na vipimo.

Kitu kingine, siku ya kwanza tembea toka kitandani kwako mpaka kwenye boti ya kuokolea kwa njia mbili tofauti, hesabu milango na ngazi, halafu rudia ukiwa umefumba macho huku mkono uko ukutani. Wenzako watakushangaa, waache. Usiku ule wa Macondo umeme ulikatika. Na kuna waliofika kwenye boya la kuokolea, lile kubwa linalobeba watu wengi, likashushwa majini, kumbe bado limefungwa kwa kamba kwenye rigi inayoungua, na hakuna mwenye kisu kwa sababu visu vya mfukoni vilikatazwa, mpaka boti ndogo ya uokoaji ikawaletea kisu wakakata. Kwa hiyo waulize wenyeji, kisu cha boya kiko wapi? Nionyeshe kwa mkono.

Haya, tuseme ajali imetokea na uko hai. Hapo ndo wengi wanaumizwa mara ya pili. Waliosalimika kwenye Deepwater Horizon walieleza mbele ya bunge la Marekani kwamba walikaa zaidi ya siku nzima kwenye meli kabla ya kufika nchi kavu, wakapimwa mkojo, kisha wakapewa fomu za kusaini wakiwa hawajalala na hawajaonana na wake zao. Mi nina rafiki yangu wa Mombasa, mnyororo ulimsaga vidole viwili kwenye rigi nyingine kabisa, akasaini karatasi hospitalini kwa lugha asiyoisoma, na fidia ikaishia hapo. Usisaini siku hiyo. Sema nitasaini nikishapumzika na nikishasomewa. Mkataba wako na karatasi ya bima piga picha, mtumie mkeo au dada yako, kabla hujasafiri na sio baada.

Na hili ni la mama zetu pia. Mwaka 2009, tarehe 21 Agosti, kisima cha Montara kililipuka kwenye Bahari ya Timor upande wa Australia, kikamwaga siku 74. Hakufa mtu. Lakini ng'ambo ya pili, zaidi ya kilomita 200, visiwani Indonesia, wakulima wa mwani wakaona mwani unageuka mweupe na kukatika kambani. Zaidi ya 15,000 waliingia kwenye kesi moja, na makubaliano ya fidia yalifikiwa mwaka 2022, dola za Australia milioni 192.5. Miaka kumi na tatu! Wapo waliofariki wakisubiri. Na kule Louisiana mvuvi aliyeomba fidia aliulizwa karatasi, uliuza kiasi gani mwaka jana, risiti ziko wapi, na waliozoea kuuziana mkononi kwa keshi walipata tabu sana.

Gesi yetu ya huku ni kavu, ikitoka haitapaka fukwe lami kama kule, ila bahari ikifungwa hata miezi miwili mvuvi wa Msimbati anakula nini, na atathibitishaje alichokuwa anapata? Mama yangu analima mwani, hajawahi kuandika kilo hata moja maisha yake yote, kila kitu kichwani. Likizo iliyopita nilimpelekea kaunta buku, tukachora mistari pamoja, tarehe, kamba ngapi, kilo ngapi, kauza kwa nani, kwa bei gani, na mnunuzi anaweka sahihi. Wiki ya kwanza mnunuzi alikataa kusaini. Mama akamwambia basi mwani unabaki kichanjani. Alirudi jioni.