Kabla hujaandika pepa ya utafiti, funga mkono kwanza

Juzi mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, anasema katengeneza sensa ya leza ya kupima mtiririko wa damu kwenye ngozi bila kuchoma mtu sindano, grafu inacheza vizuri kabisa, sasa anauliza apeleke jarida gani. Nimeisoma mara tatu maana yule ni mimi wa miaka sita iliyopita. Nikamuuliza kitu kimoja tu, umefunga mkono kwa mkanda wa presha ukaona grafu inafanyaje? Kimya mpaka leo. Basi naandika hapa msome wote.

Mimi nilikuwa na data za watu 14, kazi ya miezi minane. Mambo ya kuchomelea saketi nayaruka, mnayajua. Kanuni ni ile ya Doppler ya 1842, mwanga ukigonga chembe nyekundu inayotembea masafa yake yanabadilika kidogo sana, na wewe unapima hayo mabadiliko. Nikasimama mbele ya watu najiamini kweli kweli, mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa upole: "Ukifunga mkanda wa presha damu ikasimama, hiyo grafu inafanyaje?" Nikasema sijajaribu. Baadaye supavaiza akaniambia kwenye korido kwamba nimemwaibisha, wakati slaidi zote alizipitisha yeye! Hilo linaniuma mpaka kesho.

Siku iliyofuata nikajifunga mkanda juu ya kiwiko, nikapampu mpaka presha ya milimita 200 za zebaki. Vidole vikapauka, ganzi ikaanza, na grafu ikashuka kiduchu tu halafu ikaendelea na mawimbi yake. Nikashika faiba, ule uzi mwembamba unaopeleka mwanga wa leza mpaka kwenye ngozi, kwa vidole viwili, mawimbi yakafa. Nikaachia, yakarudi. Kumbe kile kifeni cha kupoza leza kilikuwa kinatikisa faiba, na mimi miezi minane napima feni naita damu. Data zote 14 nikatupa.

Nikahamisha feni, faiba nikaibandika kwa plasta kuanzia mezani mpaka mkononi, nikafunga tena. Safari hii mstari ukaporomoka ukabaki juu kidogo ya sifuri. Hicho kinachobaki msikiogope, hata damu ikisimama chembe bado zinatikisika humo ndani, kinaitwa sifuri ya kibayolojia, kiandikeni kwenye pepa. Baada ya dakika 3 nikaachia hewa, mstari ukaruka ukapita pale ulipoanzia halafu ukashuka taratibu, mwili unalipa deni la oksijeni. Nilipiga kelele labu nzima wakageuka. Pepa ya data mpya ilikubaliwa bila kudaiwa jaribio hata moja la ziada, na yule supavaiza jina lake limo humo humo.

Kwa hiyo fungeni mkono jamani. Bandikeni faiba. Pitisheni maziwa yaliyozimuliwa na maji, badala ya damu, kwenye mrija mwembamba kwa kasi mnayoijua, ongezeni kasi muone kama sensa inafuata. Msiandike mililita kwa dakika, leza haijui imeangaza nyama kiasi gani, namba yake ni ya kulinganisha tu. Pimeni ngozi za rangi zote, melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, inanyonya mwanga, mkipima weupe peke yao kifaa kitawadanganya weusi. Na nyie mnaopima kasi ya damu kwa ultrasaundi msicheke, nyuzi 5 tu za kukosea pembe kati ya mawimbi ya sauti na mshipa mkiwa kwenye nyuzi 60 zinapotosha kasi kwa kama asilimia 15.

Naongea kwa ukali kwa sababu mwisho wa hii waya kuna mtu. Kuna mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni, daktari ataangalia namba yako aamue kama damu inafika pale. Ukimpa namba ya feni umemfanya nini?

Mdogo wangu, kama unasoma, pata kibali cha kamati ya maadili, usimfunge mtu mwenye matatizo ya mishipa, na fungua mkanda muda ukifika hata kama grafu inakunogea. Halafu nitumie grafu ya mkono uliofungwa. Jarida tutaongea baadaye.