Mwanafunzi yuko nyuma karakanani: mrejesho wa namna gani utamsaidia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha umeme wa majumbani, ngazi ya kwanza, katika chuo cha ufundi mkoani Singida. Kuna kijana mmoja yuko nyuma sana. Zimebaki wiki sita muhula uishe na bado hawezi kufunga swichi mbili za kuwasha taa moja ya ngazi. Fomu yetu ya maendeleo ina nafasi mbili tu, "mahiri" na "bado". Nikimwandikia "bado, aongeze juhudi", ananyamaza na kesho yake haji. Nikimsifu, naona namdanganya. Nimwambie nini, na mzazi wake je?

JIBU: Marahaba, mwalimu.

Hilo la "aongeze juhudi" liache kabisa. Kijana anayebaki karakanani wenzake wakienda kula, akihangaika na skrubu za taminali (sehemu za swichi zinazobana waya), juhudi anayo. Asichokijua ni kazi yake inaharibikia wapi, na hilo ndilo unalopaswa kumwambia. Lakini huwezi kulijua kwa kuangalia bodi iliyokwisha kufungwa. Kaa pembeni yake, afunge upya huku akikueleza kila anachofanya, nawe usimsaidie wala usimkatize.

Kwenye taa ya ngazi, wengi hukwama kwenye komoni, yaani taminali ya pamoja ya swichi, inayoungana kwa zamu na taminali mbili nyingine, L1 na L2. Laini, yaani waya unaoleta umeme, inatakiwa iingie komoni ya swichi ya chini, nyaya mbili zipande kutoka L1 na L2 hadi L1 na L2 ya swichi ya juu, kisha komoni ya juu iende kwenye taa. Kijana akiingiza laini kwenye L1, taa itawaka, tena atafurahi. Ila swichi ya chini ikigeuzwa upande wa pili, ya juu haifanyi kitu. Ukimuuliza kwa nini alichagua taminali ile, mara nyingi atakwambia komoni "huwa iko hapa". Amekariri mahali ilipo kwenye swichi aliyofundishiwa, na watengenezaji hawaiweki wote sehemu moja. Hapo umeshaujua ugonjwa wenyewe, na hauhusiani na uvivu.

Sasa mrejesho wako uwe hivi: "Nyaya umezichubua vizuri, hakuna shaba inayoonekana nje ya taminali. Laini umeiingiza L1 badala ya komoni, ndiyo maana swichi moja inaua nyingine. Kesho, kabla hujafunga chochote, chukua mita uiweke kwenye mlio, unioneshe komoni kwenye swichi tatu za kampuni tofauti." Mita italia ikigusishwa komoni na L1 swichi ikiwa upande mmoja, na italia kwenye komoni na L2 ukiigeuza; kwenye L1 na L2 zenyewe hailii kamwe. Akilishika hilo, hahitaji kukariri tena. Na ile sifa ya mwanzo si ya kumbembeleza: kama nyaya hazikuchubuliwa vizuri, usiseme zimechubuliwa vizuri. Vijana hawa wanajua sifa ya uongo, na ukishaitoa mara moja hawaamini hata ile ya kweli.

Kuna kosa moja ambalo halisubiri maneno laini. Akipitisha nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya laini, taa itazimika vizuri tu, lakini holda ya balbu itabaki na umeme wa volti 230, na atakayepanda kubadilisha balbu atapigwa. Msimamishe papo hapo, mweleze hatari yenyewe, afungue afunge upya. Sema kuhusu waya, usiseme kuhusu akili yake. Na yakibaki mazungumzo marefu, myamalize mkiwa wawili, si mbele ya darasa.

Kabla hujamhukumu, kagua pia mambo yasiyo ya ufundi. Mpe vipande vya waya mwekundu, wa kahawia na wa kijani avitenganishe. Wapo wanaume wasiozitofautisha rangi hizo na hawajawahi kuambiwa. Mpe mchoro aueleze kwa Kiswahili. Akiueleza sawasawa, basi kinachomkwamisha ni maandishi ya Kiingereza, na msaada wake ni mwingine. Na kutokuja kwake muulize kwa upole: huenda ni aibu, huenda ni nauli.

Kuhusu fomu, "bado" haina ubaya. Mafunzo ya umahiri, kama yanavyoendeshwa VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, na pia kwa wenzetu Kenya, yanampima mtu kwa kiwango cha kazi, si kwa jirani yake. Kwa hiyo usimtajie amekuwa wa ngapi. Ila nyuma ya fomu, au kwenye daftari, mwekee ukurasa wake: tarehe, hatua aliyoiweza peke yake, aliyoiweza kwa msaada, na ya kufanya safari ijayo. Ausome, aandike naye neno lake. Akiona kuchubua, kubana na kupima vimehama kutoka "kwa msaada" hadi "peke yangu", ile "bado" iliyosalia haitamkimbiza.

Mzazi mwite sasa, wiki hizi sita zikiwa bado mkononi, na kijana awepo. Mwache kijana mwenyewe afungue ukurasa na kueleza anachoweza na kinachomsumbua, wewe ujazie. Umwambie mzazi wazi kwamba kama hatafikia kiwango, atarudia sehemu hiyo na hutamsainia kwa huruma, kwa sababu saini yako itamruhusu kuingia kwenye dari ya nyumba ya watu. Mzazi akiuliza "atafaulu au hatafaulu?", usibahatishe. Mwoneshe kilichobaki na siku mlizopanga kukifanya, kisha muulize kama nyumbani wanaweza kumwachia hizo siku bila kazi nyingine.