Idd pili, kiti cha nyuma

Mhariri, mmeuliza wiki hii: ni siku ipi ya mapumziko unayoingoja mwaka mzima, na ukiipata unafanya nini hasa? Najua mtaletewa Krismasi za kijijini, ufukwe wa Entebbe na nyama za kuchoma mpaka mchoke. Yangu mimi ni Idd pili, siku ya pili baada ya mwezi kuandama, na ninachofanya ni kupanda rola kosta, yale mabehewa madogo yanayovutwa hadi juu ya kilima cha chuma kisha yakaachiwa yaporomoke. Napanda, nashuka, narudi kwenye foleni, napanda tena mpaka magharibi. Na si kwamba mimi ni mtoto. Watu wenye ndevu zao wananiita shangazi.

Nimekulia Bombo, katika nyumba ya Wanubi, baba akiwa askari, ndiyo maana nawaandikia kwa Kiswahili bila kutafuta maneno. Kazi yangu ni ufundi wa lifti katika majengo ya katikati ya Kampala. Kaka yangu ni dereva wa lori la Mombasa, na kila mwaka hanikosi na maneno yake: "Wewe dada unalipa pesa ili uogope. Mimi naogopa bure pale barabara ya msitu wa Mabira." Wifi yangu anacheka, mama anaguna, nami nakusanya watoto wa kaka, twende zetu.

Bustani tunayokwenda iko hapa hapa Kampala. Jina silitaji, msije mkasema nimelipwa. Rola kosta yao ni ndogo, tuseme ukweli. Kilima chake kikubwa ni mita kumi hivi kwa makadirio yangu, na mimi kukadiria urefu ni kazi ninayolipwa mshahara. Hakuna mahali inapokugeuza kichwa chini. Wanaorudi kutoka Dubai na Johannesburg huiangalia kwa dharau, wakapiga picha mbele yake, wakaondoka.

Sasa kwa nini Idd pili, siku ambayo Kampala nzima iko pale, kanzu na gomesi na watoto wenye puto, foleni imezunguka hadi kwenye magari ya kugongana? Kwa nini nisiende Jumanne tulivu nikapanda peke yangu? Kwa sababu mabehewa yakijaa watu huenda kasi zaidi. Ukiiangusha treni nzito na treni nyepesi kutoka kilima kimoja, dunia inazivuta sawasawa, uzito hauingii kwenye hesabu. Lakini upepo unaozikinza ni ule ule kwa zote mbili, na treni nzito haiusikii sana. Jumanne, pakiwa na watu watatu, mabehewa hufika kilima cha mwisho yakiwa hoi, yanakivuka kwa huruma ya Mungu. Idd pili, yamejaa akina mama wa Kibuli na watoto waliolishwa pilau, yanakivuka kwa kiburi. Kisha kuna joto. Asubuhi grisi ni nzito na beringi zimepoa, na ukipanda saa nne unapanda kitu kingine kabisa na kile utakachopanda saa kumi, jua likishazipiga reli na magurudumu yamezunguka mchana kutwa. Ndiyo sababu narudia. Wanaonicheka hudhani napanda kitu kimoja mara nyingi.

Kabla ya kupanda huwa nasimama kwenye uzio, nikiwaacha watoto wakanunue juisi. Naangalia reli. Reli yenyewe ni bomba la chuma lililopindwa, mtindo ulioanza kule Disneyland, Marekani, mwaka 1959; kabla ya hapo karibu zote zilikuwa za mbao zilizopigwa vyuma juu yake. Kila behewa linaishika reli hiyo kwa magurudumu ya namna tatu: ya juu yanayobeba mzigo, ya ubavuni yanayoongoza kwenye kona, na ya chini, ambayo mtu asiyejua hayaoni kabisa. Hayo ya chini ndiyo yanayozuia treni isiruke ikaiacha reli. Ni kazi ya Mmarekani mmoja, John Miller, aliyeyaandikisha kwa hataza mwaka 1919. Bila yeye tungekuwa tunapanda vitu vya kwenda polepole tu, maana kule Pennsylvania kuna rola kosta ya mwaka 1902 iitwayo Leap-the-Dips isiyokuwa na magurudumu ya chini, nayo mwendo wake ni wa baiskeli.

Basi ukiwa kwenye uzio, chuchumaa uangalie tumbo la reli. Sehemu kubwa utaona rangi imebaki kama ilivyopakwa, kwa kuwa yale magurudumu ya chini huacha nafasi kidogo na hayagusi kitu. Lakini kwenye kichwa cha kilima cha pili cha rola kosta yetu, urefu wa mkono mmoja hivi, rangi imekwisha na chuma kinang'aa. Hapo ndipo treni hutaka kuruka. Hapo ndipo, ukikaa vizuri, makalio yako yataachana na kiti. Nilipomwonyesha kijana anayesimamia mtambo, alichuchumaa naye akaangalia, akaniuliza, "Hajati, wewe ni mkaguzi?" Makka sijaiona hata kwenye ndoto, lakini Kampala ukivaa mtandio siku ya Idd umeshahiji.

Kupanda kwenyewe kunaanza na ndala. Pale jukwaani kuna msitari wa ndala na viatu vipya vya Idd, vingine bado na bei chini ya soli, kwa sababu ukiruhusu watu wapande na viatu vilivyolegea, vitarudi peke yake. Kijana anapita akibana kile chuma cha mapajani, anakitikisa mara mbili, anasogea. Mimi huwaambia watoto wasiachie nafasi kati ya chuma na paja. Mtandio naufunga kwa nyuma, fundo mbili.

Mnyororo unashika. Tunapanda kwa ule mlio wake, tak, tak, tak, ambao wengi hudhani ni mlio wa mnyororo. Siyo. Ni jino la chuma chini ya behewa linaloruka juu ya ngazi ya meno iliyofungwa kwenye njia. Kila tak ni ahadi kwamba kurudi nyuma hakupo tena. Hilo nalo ni la Miller. Kisha kileleni mnyororo unaachia, na kuanzia hapo, wasomaji, hakuna injini. Hili ndilo jambo ninalolipenda na ndilo ambalo sijafaulu kumweleza kaka yangu. Hakuna dereva, hakuna mafuta, hakuna mtu anayekanyaga chochote. Ile mita kumi tuliyovutwa ndiyo mtaji wote, na kila kilima, kila kona, kila mlio wa mtoto wa nyuma yangu unalipwa kutoka humo mpaka ubaki mwendo wa kuingilia kituoni. Kwa mita kumi, hata msuguano usingekuwepo, hupati zaidi ya kilomita 50 hivi kwa saa. Aliyeichora alijua atapata ngapi na akapanga matumizi. Kilima cha pili ni kifupi kuliko cha kwanza, cha tatu ni kifupi zaidi, hakuna hata kimoja kilichokopa.

Mwaka mmoja umeme ulikatika tukiwa katikati ya mlima. Tak ya mwisho, kimya, na muziki wa magari ya kugongana nao ukafa. Kwenye bustani nzima ukasikika ule mguno wa Kampala umeme unapokwenda. Mama aliyekaa mbele yangu akaanza Ayatul Kursi kwa sauti, mwanawe akalia, na vijana wa behewa la kwanza wakaanza kutikisa mwili kwa utundu. Nikamgusa bega mama yule nikamwambia, "Dada, tulia. Kuna jino limeshika hapa chini. Hata mnyororo wote ukatike hatushuki kinyumenyume." Akauliza nimejuaje. Nikamwambia ndiyo kazi yangu, na si uongo, kwani jino lile na breki ya lifti ni watoto wa mama mmoja. Mwaka 1854, New York, Elisha Otis alisimama kwenye jukwaa lililoning'inia mbele ya watu, akaamuru kamba ikatwe, na jukwaa likashuka kidogo tu likanasa. Tangu siku hiyo ufundi wetu unakwenda kwa kanuni moja: umeme ukiondoka, kitu kishike, kisiachie. Breki ya lifti hufungwa na springi, na umeme kazi yake ni kuifungua. Vijana niliwafokea kwa Kiluganda, wakatulia. Baada ya muda jenereta likakohoa nyuma ya jiko la chipsi, mnyororo ukatetemeka, tak. Watu walishangilia zaidi ya walivyoshangilia mteremko. Yule mama aliposhuka alinipa andazi.

Mtaniuliza kama nimeona zile kubwa. Nimeona moja. Nilikaa Abu Dhabi kwa kazi ya lifti, kama Waganda wengi tunavyokwenda Ghuba kutafuta, na siku ya mapumziko nikaenda kwenye kisiwa cha Yas, Ferrari World, kupanda Formula Rossa iliyofunguliwa mwaka 2010. Wanakupa miwani ya kukinga macho, kwa sababu mwendo wake ni kilomita 240 kwa saa na mchanga au mdudu mmoja unatosha kukupofua. Haikuvuti polepole kwa mnyororo, inakurusha kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki, na kwa sekunde 5 hivi umeshafika mwendo huo. Nilishuka mashavu yananiuma. Tiketi ilinipunguzia pesa ya kutuma nyumbani na sikujuta. Lakini sikupata hamu ya kurudi, na nimefikiri sana kwa nini. Nadhani ni ule mlima. Pale hakuna muda wa tak, tak, hakuna muda wa kuangalia chini ukaona paa za watu na kaka yako amesimama na mifuko ya viatu. Unakabidhiwa mwendo ambao hukuupanda. Kingda Ka ya New Jersey nayo, iliyokuwa ndefu kwenda juu kuliko zote duniani kwa mita 139, ilirushwa vivyo hivyo, kilomita 206 kwa saa ili ifike kileleni, na mwaka 2025 wakaibomoa kwa baruti. Sikuwahi kuipanda na silii. Ile ya kwanza kabisa ya Coney Island kule New York, ya LaMarcus Thompson, mwaka 1884, ilikwenda kilomita kama 10 kwa saa kwa senti 5, na watu walipanga foleni. Bodaboda iliyokwama kwenye foleni ya magari ya Wandegeya ina mwendo zaidi ya huo.

Kwa hiyo anayeidharau yetu kwa udogo simwelewi. Labda alikaa mbele.

Mbele ni pazuri kwa macho, sikatai, na watoto wote wanagombea pale. Lakini behewa la mbele likivuka kilele huwa bado limeshikwa na wenzake walioko mlimani, linaning'inia, linasubiri. La nyuma halisubiri mtu. Likifika kileleni treni yote imeshaanza kuporomoka na inalivuta, unachapwa juu ya kilele na unaondoka kwenye kiti hapo hapo, kisha unaondoka tena kwenye ule mng'aro wa kilima cha pili. Mtoto wa mwisho wa kaka yangu, msichana wa darasa la nne, ndiye pekee aliyenielewa. Wenzake wakikimbilia mbele, yeye ananishika mkono, "Shangazi, nyuma," na tunapata nafasi bila kusukumana na mtu.

Atakayetaka kujaribu Idd ijayo: nendeni baada ya adhuhuri, si asubuhi. Watoto wapimeni urefu nyumbani, kwa sababu pale getini kuna kipimo cha mbao na askari asiyehongeka, na kilio cha mtoto aliyepungua vidole viwili kitawaharibia siku. Simu iacheni kwa aliyebaki chini. Rolex, ile chapati yetu ya kuviringishia mayai, inunuliwe baada ya kushuka, si kabla, hata kama foleni ni ndefu na harufu ya mayai inawaita. Kaka yangu, mwaka ule wanawe walipomlazimisha kupanda hatimaye, alikula mbili akiwa kwenye foleni, akakaa mbele kwa ushauri wake mwenyewe, na aliyekuwa nyuma yake ni mimi.