Usipige Laka Siku ya Mvua

Kijana mmoja wa Pangani kaniandikia juzi: vanishi ya mishale yake ya mwanzi inabanduka kama gamba la nyoka, afanye nini? Ujumbe ule nimeusoma mara mbili, moyo ukanirudisha kwenye masika yaliyoniumbua.

Nilikuwa na oda ya mishale 24 ya kutundika ukutani, ya mwenye nyumba moja ya wageni hapa Bagamoyo. Kukabidhi ni Jumamosi, na Ijumaa mvua haikukatika. Nikapiga laka, vanishi ikaukayo upesi, hivyo hivyo, mkono wa pili, yaani tabaka la pili, juu ya wa kwanza haujakauka, kisha manyoya nikabandika humo humo. Asubuhi nafungua banda, yote imepiga weupe kama kioo kilichopulizwa pumzi. Tina, maji ya kuzimulia laka, hugeuka mvuke upesi, hupoza uti wa mshale, na unyevu wa hewa hunasa ndani ya laka. Leo najua. Siku ile nilisugua kwa kipande cha kanga nikidhani ni vumbi, nikapeleka.

Yule bwana akashika mmoja, unyoya ukabaki kidoleni mwake. Akauliza mbele ya wafanyakazi wake, "Fundi, hii ni mishale au mishikaki?" Wakacheka. Mwaka wa sita huu, kicheko kile nakisikia kila nikishika brashi.

Basi mdogo wangu, nisikilize. Mwanzi una ganda la nta, vanishi haishiki pale. Piga msasa namba 240 mpaka mng'ao wote ufe, futa kwa kitambaa chenye tina, ndipo upake. Mkono mwembamba, ukauke, msasa namba 400 kidogo, mkono mwingine. Mitatu yatosha. Pale pa manyoya zungushia selotepu ya karatasi, pabaki patupu pa kushika gundi. Na mvua ikinyesha, acha! Mteja angoje. Vijana mnataka kupiga asubuhi, jioni mhesabu hela. Mti hauendeshwi hivyo. Mishale ya mbao ipake mafuta ya mbegu za kitani, hayapigi weupe, ila hukawia siku kadhaa kukauka. Matambara yake usiyarundike kona ya banda, yatandaze nje: hujipasha joto yenyewe hadi yakawaka.

Mwezi uliopita nimekabidhi mishale 40 kwa kikundi cha ngoma. Wamecheza nayo ufukweni, chumvi na jasho, na mimi nimesimama nyuma ya watu naihesabu mmoja mmoja. Hakuna unyoya uliong'oka.

Ile 24 ningali nayo, juu ya kabati, nyeupe vilevile.