Jibu kwa aliyeuliza kwa nini wakulima wanaitikia mkutanoni halafu msimu ukifika hawatumii

Mkuu umeuliza kwa nini kikundi chenu kule Sengerema, Mwanza, kilipokea pingili (vipande vya shina vya kupanda) za mihogo ya kisasa na pampu ya sola ya kumwagilia bustani, mkutanoni watu wakapiga makofi, halafu mvua za vuli zimeanza pingili zimekaukia chini ya mwembe na pampu imefungiwa stoo kwa mwenyekiti. Naona wachangiaji wengi huko juu wanasema tatizo elimu, wakulima wetu hawaelewi. Mi hapo nakataa kabisa. Nimefanya ugani kwenye miradi huku Misungwi, Sengerema na Buchosa miaka mingi kabla sijafungua duka la pembejeo, na nakwambia yule mama mwenye eka mbili za mihogo ameshapiga hesabu, tena kali, ila nyie hamjamuuliza ameipigaje.

Angalia. Muhogo unakaa shambani karibu mwaka mzima, mwingine zaidi. Eka moja ukipanda mita kwa mita inataka pingili kama 4,000. Sasa mnamwambia ang'oe muhogo anaoujua aweke wenu, maana yake chakula cha nyumbani chote mpaka mwakani kinategemea kitu ambacho hajawahi kukila. Nyie mkutanoni mmesema mavuno yatazidi, yeye kichwani anajiuliza ikishindikana watoto watakula nini, na hilo hakuna aliyelijibu, mmegawa soda mkaondoka. Kuna mzee mmoja Buchosa aliniambia wazi, "Mwanangu, wewe mshahara wako unaingia hata huu muhogo ukioza." Hakuwa mkali, alikuwa ananieleza tu hali ilivyo.

Kwa hiyo cha kwanza msimwambie ang'oe chochote. Apande mistari michache pembeni ya muhogo wake wa zamani, kwenye shamba lake mwenyewe na kwa jembe lake mwenyewe. Hii ya shamba lake mwenyewe naisisitiza sana. Ukienda Misungwi mkulima atakuonyesha hapa luseni, pale itogolo, kule chini mbuga, na kila udongo una tabia zake, halafu mradi unachagua kipande kizuri karibu na barabara ili wageni wakione, unamwaga mbolea ya bure, unaweka bango, unaita shamba darasa. Jirani anapita anaangalia anasema hii ni ya mradi, anaendelea na safari yake. Wala sio sisi tu, mwaka 1943 Ryan na Gross walitoa utafiti wao wa wakulima wa Iowa kule Marekani kuhusu mahindi chotara, wakakuta habari wengi waliipata kwanza kwa wauza mbegu, ila waliowashawishi zaidi ni majirani, na hata waliokubali walianza na kipande kidogo cha shamba kabla ya kupanda lote. Na hao walikuwa na shule na magazeti.

Halafu kwenye mihogo kuna hili la michirizi ya kahawia. Huu ugonjwa ni msumbufu kwa sababu majani yanaweza kukudanganya, batobato unaiona kwa macho jani limejikunja lina madoa, lakini michirizi unakuta shamba linapendeza, unang'oa unakata mzizi ndani umeoza rangi ya udongo. Mkulima hawezi kukuamini kwa kuangalia majani. Panga siku ya kung'oa, muite kitongoji kizima, ng'oeni mashina ya zamani na mapya kutoka mistari ile ile, mkate mbele ya watu, kila mtu ashike aone. Na msiishie hapo, tengenezeni udaga (muhogo uliovundikwa na kukaushwa), pikeni ugali siku nyingine mle. Mimi nimeona mbegu ya mavuno mengi imeachwa kwa sababu akina mama walisema ugali wake haushikani na inasumbua kumenya, na walikuwa na haki kwa sababu kumenya, kuvundika na kutwanga ni kazi yao, lakini kwenye mkutano walioulizwa ni wanaume waliokaa kwenye viti vya mbele. Ukiwaacha hao mayu, yaani akina mama, nje ya mazungumzo umepoteza muda.

Kitu ambacho nimekiona kikishika vizuri bila kelele ni ile mifuko ya kuhifadhia mahindi, ya PICS, yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje. Ilianzia kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue waliokuwa wanahangaika na kunde kule Kameruni, ikaja kwenye mahindi. Huku kwetu dumuzi, mdudu wa ghalani, tunamjua tangu alivyoonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anageuza gunia kuwa unga. Ukifunga mfuko vizuri wadudu wanamaliza hewa iliyomo wanakufa, dawa huweki. Sasa bei yake ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida na bado watu wananunua, kwa nini? Kwa sababu mtu ananunua mmoja tu, anajaza gunia moja, mengine anaacha kama kawaida, na miezi kadhaa baadaye mfuko unafunguliwa mbele ya watu pembeni ya gunia la kawaida. Hapo huhitaji kuhubiri. Cha kufundisha ni kukausha, na kuna njia rahisi ya kupima, chukua chupa kavu ya kioo tia mahindi na chumvi kavu utikise, chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado mabichi, rudisha juani. Hiyo bibi yangu ameshika mara moja na anawafundisha wengine.

Nirudi kwenye pampu maana naona imekuuma. Mmeweka paneli 4 zimefungwa kwenye chuma pale pale ufukweni mwa Ziwa Victoria. Nani atalala nazo? Wenye pampu ndogo za petroli jioni wanaifunga kwenye baiskeli wanaenda nayo nyumbani, ndo maana wanazipenda hata kama mafuta ghali. Halafu Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kwa hiyo bustani inatakiwa ikae juu huko, na pampu ya kunyonya haiwezi kuvuta maji kimo cha zaidi ya mita kama 7, lazima ikae karibu na maji isukume kwenda juu. Mmempimia urefu wa mpira? Mmeweka filta? Maji ya ziwa yana mwani, matundu ya dripu (mipira ya kudondoshea maji kwenye mimea) yanaziba upesi sana na mkulima anaona mfumo umekufa. Na pampu ya watu 25 huwa haina mwenyewe, ikiharibika kila mtu anamsubiri mwenyekiti.

Ushauri wangu kabla hamjanunua ya pili, tafuteni mkulima mmoja wa nyanya au mchicha ambaye tayari anachota kwa ndoo, mkopesheni kwa mkataba wa kulipa baada ya mavuno, paneli ziwe za kubeba, na nendeni pale senta mumuulize fundi wa pikipiki kama yuko tayari kufundishwa kuitengeneza na kama vipuri vinapatikana Mwanza mjini. Akisema havipo, msiinunue. Kwa pingili, zilizokauka ndo basi, ongeeni na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru au mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, mpate chache safi, maana shina moja linakupa pingili kama 10 tu, na mbegu ya kueneza kijiji kizima inabidi ianze kuzalishwa sasa na mtu wa pale pale kijijini atakayeiuza. Kama mna eneo lenye maji kiangazi niandikieni PM niwaelekeze jinsi ya kulipanga.